Kiti kikiwa kitupu, akidi huhesabiwa vipi? Somo kutoka Kariobangi hadi Magarini

Alhamisi ya tarehe 27 Novemba 2025, wapiga kura wa wadi ya Kariobangi Kaskazini, upande wa Eastlands jijini Nairobi, walipanga foleni kumchagua mwakilishi wadi. Siku hiyo hiyo ndugu zetu wa Magarini, kaunti ya Kilifi, walikuwa wakichagua mbunge, na wale wa Chewani, kaunti ya Tana River, wakimchagua mwakilishi wadi wao. Ni maeneo matatu yasiyofanana. Moja ni mtaa wa maghorofa na vibanda vya jua kali, jingine ni mashamba na minazi, la tatu liko bonde la mto Tana. Lakini yaliunganishwa na jambo moja: yote yalikuwa na kiti kitupu, na aliyepaswa kuandaa uchaguzi wa kukijaza naye alikuwa na viti vitupu.

Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, ilikaa bila kamishna hata mmoja kwa karibu miaka miwili na nusu, tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Ofisi zilikuwa wazi, wafanyakazi walikuwa kazini, lakini wa kuketi mezani na kupitisha uamuzi hawakuwapo.

Watu wengi walilichukulia jambo hili kuwa siasa za wakubwa. Mimi naona mzizi wake ni swali dogo ambalo hata kamati zetu za mitaani hulikwepa mpaka siku ya ugomvi: mjumbe akiondoka na kiti chake kikabaki kitupu, akidi huhesabiwa kutoka wapi? Kutoka kwa viti vyote vilivyowekwa na sheria, au kutoka kwa watu waliobaki?

Tuanze na mfano wa karibu

Tuseme kuna chama cha kuzikana cha Wapwani wanaoishi Majengo ya Pumwani, Shauri Moyo na Buruburu. Katiba yao inasema kamati ina wajumbe tisa, na akidi ya kikao ni nusu. Miaka imepita. Mjumbe mmoja amefariki, wa pili amerudi Malindi, wa tatu alikosana na mwenyekiti akaandika barua ya kuacha. Wamebaki sita.

Ukihesabu kutoka viti tisa, nusu ni wanne na nusu, kwa hiyo lazima wawepo watano. Ukihesabu kutoka watu sita waliobaki, watatu wanatosha. Tofauti ya wawili yaonekana ndogo, lakini ndani yake kuna pesa za watu. Kwa hesabu ya kwanza, watano kati ya sita lazima wafike. Wawili wakiugua wiki moja, hakuna kikao, na maiti haingoji. Kwa hesabu ya pili, marafiki watatu wanaweza kukutana jioni moja, wakapitisha kutoa akiba yote benki, na kwenye karatasi kila kitu kikawa halali.

Kwa hiyo kuna hesabu tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni idadi ya viti vilivyowekwa na sheria. Ya pili ni idadi ya walio madarakani leo. Ya tatu ni idadi ya waliofika kikaoni. Asiyefika kwa sababu ana homa bado ni mjumbe, na hakuna anayebisha kwamba anahesabiwa. Mabishano huja kwa aliyefariki, aliyejiuzulu au aliyemaliza muda. Huyo hayupo, lakini kiti chake kipo.

Sheria ya Kenya ya tafsiri ya sheria ina kanuni ya jumla kwamba bodi au tume haipotezi mamlaka yake kwa sababu tu kiti kimoja ki wazi, isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine. Hiyo ni busara, maana bila hivyo kifo cha mjumbe mmoja kingesimamisha kazi ya nchi. Lakini kanuni hiyo haisemi kwamba akidi nayo inapungua kila mtu anapoondoka. Hapo ndipo IEBC ilipoingia kwenye tope.

Watatu kati ya saba

Katiba ya 2010, Kifungu cha 250(1), inasema kila tume itakuwa na wanachama wasiopungua watatu na wasiozidi tisa. Sheria ya IEBC ndiyo iliyoamua ndani ya mipaka hiyo. Mwanzo walikuwa tisa, kisha mabadiliko ya 2016 yakawafanya saba: mwenyekiti na makamishna sita. Akidi ya kikao ilikuwa watano.

Wafula Chebukati na wenzake sita waliapishwa Januari 2017. Kabla mwaka haujaisha mambo yaliharibika. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti, na siku chache kabla ya marudio ya 26 Oktoba, kamishna Roselyn Akombe alijiuzulu akiwa nje ya nchi. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge likabadilisha sheria. Akidi sasa ikawa nusu ya makamishna waliopo, mradi wasipungue watatu. Tazama neno hilo, "waliopo". Hesabu ilihama kutoka kwenye viti ikaenda kwa watu.

Aprili 2018 mambo mawili yalifuatana kwa haraka. Kwanza, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Katiba Institute, alibatilisha mabadiliko hayo, pamoja na kipengele cha akidi. Siku chache baadaye, kufuatia mvutano kuhusu afisa mkuu mtendaji Ezra Chiloba, makamishna watatu, Connie Nkatha Maina, Margaret Mwachanya na Paul Kurgat, walitangaza kujiuzulu. Wakabaki Chebukati, Boya Molu na Abdi Guliye. Watatu kati ya saba, na sheria iliyowaruhusu watatu kuketi imeshabatilishwa.

Mtu wa kawaida angedhani hapo kazi ingesimama. Haikusimama. Tarehe 5 Aprili 2019 watatu hao walisimamia uchaguzi mdogo wa Embakasi Kusini, eneo bunge la Eastlands lenye Mukuru kwa Njenga na Pipeline, baada ya mahakama kubatilisha matokeo ya 2017. Julius Mawathe alishinda dhidi ya Irshad Sumra. Oktoba mwaka huo wakasimamia wadi ya Ganda, Malindi. Tarehe 15 Desemba 2020 wakasimamia Msambweni, baada ya kifo cha Suleiman Dori, na Feisal Bader akaibuka mshindi.

Jiulize: kama akidi halali ilikuwa watano, waliopitisha ratiba, bajeti na orodha ya wagombea wa chaguzi hizo walikuwa nani? Na kama tungesema hawakuwa na mamlaka, je, watu wa Pipeline na wa Diani wangekaa bila mbunge mpaka lini?

Mahakama nazo zagawanyika

Swali hilo lilifika kortini zaidi ya mara moja, na majibu hayakufanana. Agosti 2018 Jaji Wilfrida Okwany, katika kesi ya Isaiah Biwott Kangwony, alisema tume yenye watatu ni halali kwa kuwa Katiba yenyewe imeweka watatu kuwa kiwango cha chini.

Kisha likaja suala la BBI. Tume ilikuwa imekagua saini za waliounga mkono mswada wa kubadilisha Katiba. Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema IEBC haikuwa na akidi ya kufanya kazi hiyo. Kwa maoni yao, kipengele cha 2017 kilipobatilishwa, akidi ilirudi kuwa watano. Mahakama ya Rufaa, tarehe 20 Agosti 2021, iliuacha usimame uamuzi huo wa akidi. Lakini tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iligeuza: ilisema makamishna watatu walikidhi matakwa ya Katiba, na kwa hiyo tume ilikuwa imetimia.

Kisheria, mlango ukafungwa hapo. Nami nakubali kwamba Mahakama ya Juu iliiondolea nchi hatari kubwa. Kama jibu lingekuwa kinyume, kila uamuzi wa tume tangu Aprili 2018 ungeweza kuvutwa kortini, na chaguzi ndogo za Embakasi Kusini na Msambweni zingekuwa miongoni mwake.

Hata hivyo, kuokoa yaliyopita si sawa na kuweka kanuni njema kwa yajayo. Kuna jambo ambalo hukumu hiyo haiwezi kututibia. Kiwango cha chini cha uanachama kinajibu swali la tume inapaswa kuwa na watu wangapi. Akidi inajibu swali jingine: kati yao, wangapi lazima wawe mezani ndipo uamuzi uwe wa wote. Zikigeuka namba moja, watatu na watatu, akidi haina tena kazi. Kila mmoja kati ya hao watatu ana kura ya turufu, kwa sababu akitoka chumbani kikao kimevunjika. Wakati huo huo anayetaka tume dhaifu hahitaji kuiondoa yote. Anaacha tu viti vitupu vikae vitupu.

Upande wa pili wa upanga

Wengine watasema basi tuweke namba ngumu isiyopungua kwa hali yoyote. Hilo nalo tumelionja.

Jumatano ya 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya marudio ya uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu ilikuwa isikilize ombi la kuahirisha uchaguzi huo. Mmoja wa walioomba alikuwa Khelef Khalifa, mtetezi wa haki za binadamu ambaye jina lake linajulikana sana hapa Mombasa. Kifungu cha 163 cha Katiba kinataka majaji watano ili mahakama hiyo iketi. Siku hiyo walifika wawili tu, Jaji Mkuu David Maraga na Jaji Isaac Lenaola. Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu hakufika; usiku uliotangulia dereva wake alikuwa amepigwa risasi. Jaji Mohammed Ibrahim alikuwa nje ya nchi kwa matibabu. Jaji Mkuu akatangaza hakuna akidi, na uchaguzi ukafanyika kesho yake bila ombi hilo kusikilizwa.

Hapo hakukuwa na kiti kitupu hata kimoja. Majaji wote saba walikuwa na viti vyao. Lakini akidi ya namba ngumu ilitosha kuifunga milango ya mahakama kuu kuliko zote siku ambayo nchi iliihitaji. Somo lake ni wazi: akidi kubwa humlinda mnyonge dhidi ya kikundi kidogo, na hapo hapo humpa nguvu yeyote anayefaidika kikao kisipoketi.

Kwa hiyo wanaosema "hesabu viti vyote" wana haki, na wanaosema "usisimamishe kazi kwa sababu ya mtu mmoja" nao wana haki. Kosa letu Kenya ni kubishania namba ya akidi peke yake, na kusahau nani ana wajibu wa kujaza kiti na kwa muda gani.

Kutoka watatu hadi sufuri

Septemba 2021 makamishna wanne wapya waliapishwa, tume ikarudi kuwa saba. Agosti 2022 ikapasuka tena: mwenyekiti akitangaza matokeo ya rais Bomas, wanne wakiyakana hotelini Serena. Kufikia Desemba, Juliana Cherera, Francis Wanderi na Justus Nyang'aya walikuwa wamejiuzulu, na Irene Masit akafikishwa mbele ya jopo lililopendekeza aondolewe. Januari 2023 muhula wa miaka sita wa Chebukati, Molu na Guliye ukaisha kwa pamoja, maana waliapishwa kwa pamoja.

Hapo mjadala wote wa nusu, watatu au watano ukakosa maana. Nusu ya sufuri ni sufuri. Kilichofuata ni mvutano wa sheria ya jopo la uteuzi, mazungumzo ya serikali na upinzani, sheria mpya ya Julai 2024, jopo jipya, kisha kesi nyingine kortini. Mwishowe Erastus Edung Ethekon na makamishna sita, akiwemo Fahima Araphat Abdallah, waliapishwa tarehe 11 Julai 2025.

Gharama ya kusubiri haikulipwa na waliokuwa wakivutana. Katiba inataka kiti cha mbunge kilicho wazi kijazwe ndani ya siku 90. Banissa, kaunti ya Mandera, ilimpoteza mbunge wake Machi 2023 na ikasubiri hadi Novemba 2025. Magarini ilibaki bila mbunge tangu Mahakama ya Juu ilipothibitisha mwaka 2024 kufutwa kwa uchaguzi wake. Kariobangi Kaskazini haikuwa na sauti yake katika Bunge la Kaunti, mahali ambapo mitaro, taa za barabarani na basari za wadi hupiganiwa. Mtaa usio na mwakilishi hauandamani kila siku. Unanyamaza tu, na mgao unapita kando.

Kuna hasara nyingine inayogusa Eastlands zaidi ya sehemu nyingi. Katiba inataka mipaka ya maeneo bunge ipitiwe upya katika muda usiozidi miaka kumi na miwili. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2012, pale Embakasi ya zamani ilipogawanywa kuwa maeneo bunge matano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Muda wa kuipitia tena uliisha Machi 2024, na siku hiyo tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Tangu 2012 maghorofa ya Pipeline, Kayole na Utawala yameongezeka juu ya maghorofa. Watu wamejaa, lakini hesabu ya uwakilishi wao imesimama palepale.

Dawa iko wapi?

Naona mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji elimu kubwa ya sheria.

La kwanza, akidi ihesabiwe kutoka viti vilivyowekwa na sheria, si kutoka kwa waliobaki. Tume ya saba iwe na akidi ya wanne. Hiyo ni zaidi ya nusu, na inavumilia viti vitatu vitupu bila kusimama. Wakipungua chini ya hapo, tukubali kwamba tume imevunjika badala ya kujidanganya.

La pili, sheria itenganishe kazi za kila siku na maamuzi mazito. Uchaguzi mdogo ambao tarehe yake imeshawekwa na Katiba unaweza kuendeshwa hata na wachache, kwa sababu hauna hiari kubwa ndani yake. Kuchora mipaka au kukagua mswada wa kubadilisha Katiba kusiguswe mpaka viti vijae. Hata chama cha kuzikana kinaweza kusema: wajumbe watatu wanaruhusiwa kulipia jeneza na gari la Mombasa, lakini hawaruhusiwi kuuza kiwanja.

La tatu, kiti kitupu kiwe na saa inayohesabu. Sheria ikisema kijazwe ndani ya siku kadhaa, iseme pia nini kitatokea siku hizo zikipita. Muda usio na adhabu ni maombi tu. Kwa mfano, jopo la uteuzi liwe la kudumu, lisingoje kuundwa upya kila wakubwa wanapokosana, na orodha ya walioshika nafasi zilizofuata katika usaili uliopita iwe akiba.

La nne, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: wote saba wa sasa waliapishwa siku moja, kwa muhula mmoja wa miaka sita usioongezwa. Wasipoondoka mapema, wote watatoka Julai 2031, mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi wa Agosti 2032. Ni kosa lile lile la Januari 2023, ila safari hii limesogea karibu zaidi na kura. Wateule wakiingia kwa zamu, wawili au watatu kila miaka miwili, meza haitakuwa tupu kamwe. Bunge lina muda wa kulirekebisha. Hatujamsikia wa kulipeleka.

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakaribia, na wagombea watafika Kariobangi na Magarini wakiahidi barabara na maji. Waulizwe na hili pia: kiti cha tume kikiwa kitupu, wao wanaofaidika na utupu huo watakijaza kwa siku ngapi? Na kabla ya kuwauliza wao, tufungue katiba za kamati zetu wenyewe, za msikiti, za shule, za chama. Tutafute neno akidi. Tuone kama limeandikwa "ya viti vyote" au "ya waliopo". Ikiwa halikuandikwa chochote, turekebishe sasa tukiwa tunaelewana. Siku ya ugomvi kila mmoja atahesabu kwa namna inayompa ushindi.